Urushaji wa droni katika joto kali

Urushaji wa droni katika joto kali ni matumizi ya ndege ndogo zisizo na rubani, hasa zile za rafadha nne zinazouzwa madukani kwa ajili ya kupiga picha na video, wakati halijoto ya hewa imefikia takriban 35°C au zaidi. Droni nyingi za aina hiyo zimeundwa kufanya kazi hadi 40°C tu. Kikomo hicho ndicho kilichotajwa katika maelezo ya DJI Mini 2 na DJI Mavic 3. Droni za kazi nzito, kama DJI Matrice 300 RTK, zinaruhusiwa kufika 50°C.

Katika Afrika Mashariki joto la namna hiyo hupatikana Lodwar na kandokando ya Ziwa Turkana. Muscat na Dubai, ambako wanaishi wasemaji wengi wa Kiswahili, halijoto hupita 40°C mara kwa mara wakati wa kiangazi. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam hewa yenyewe haifiki huko kwa kawaida, lakini katika miezi ya kaskazi jua la mchana hupasha mchanga, lami na mabati kuliko hewa iliyo juu yake, na droni huwekwa juu ya vitu hivyo hivyo.

Watu wengi hudhani hatari kubwa iko angani. Kwa kweli droni inayoruka hupozwa na upepo wa rafadha zake na wa mwendo wake. Madhara mengi ya joto huanzia chini: ndani ya gari, juu ya mchanga, wakati wa kusubiri na wakati wa kuchaji. Yakishaanzia huko, huja kuonekana hewani, juu ya vichwa vya watu.

Hewa ya moto na nguvu ya kunyanyua

Hewa ikipata joto hutanuka, na densiti yake hupungua. Kwenye usawa wa bahari, hewa ya 15°C ina densiti ya kilogramu 1.225 kwa mita ya ujazo. Kwa 35°C hubaki takriban 1.146, yaani pungufu kwa asilimia 6 hivi. Rafadha hunyanyua droni kwa kusukuma hewa chini, kwa hiyo hewa ikiwa nyepesi ni lazima zizunguke kwa kasi zaidi ili kubeba uzito uleule.

Kwa hesabu rahisi, nguvu inayohitajika ili droni itulie mahali pamoja hewani huongezeka kinyume na kipeuo cha pili cha densiti, yaani densiti ikipungua kwa asilimia 6, nguvu huongezeka kwa asilimia 3 tu. Hiyo si hasara kubwa. Mambo hubadilika pale joto linapokutana na mwinuko. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Siku ya 33°C densiti ya hewa huko hushuka hadi karibu 1.01, pungufu kwa asilimia 18 kulingana na pwani siku ya 15°C. Ni sawa na kuirusha droni kwenye mlima wa mita 2,000 siku ya baridi. Nguvu inayohitajika huongezeka kwa asilimia 10 hivi, na droni ambayo ingekaa hewani dakika 25 itakaa takriban dakika 22 na nusu. Isitoshe, muda ulioandikwa kwenye boksi hupimwa katika hali nzuri kuliko zile za kawaida.

Kupanda juu kutafuta ubaridi hakusaidii sana. Hewa kavu hupoa kwa takriban 1°C kila mita 100, kwa hiyo ndani ya mita 120, ambazo ndizo mwisho unaoruhusiwa katika nchi nyingi, nafuu ni kama digrii moja. Mita mbili au tatu za kwanza ni jambo lingine: kutoka kwenye mchanga unaounguza hadi kimo cha mtu tofauti inaweza kuwa kubwa. Ndiyo maana haifai kuiacha droni ikielea karibu na ardhi kwa muda mrefu.

Betri

Betri za droni nyingi ni za lithiamu-polima. Kila seli ina volti 3.7 kwa wastani na kama 4.2 ikijaa, baadhi ya aina mpya hupita hapo kidogo.

Tabia moja ya betri hizi huwapotosha hata wazoefu. Baridi huzidhoofisha papo hapo, na rubani huona asilimia zikishuka haraka. Joto hufanya kinyume: ukinzani wa ndani hupungua, betri hutoa umeme kwa urahisi, na safari huonekana nzuri kabisa. Gharama yake hulipwa baadaye. Ndani ya seli, elektroliti huanza kuchakaa na kutoa gesi, nayo betri hupungua uwezo na hatimaye huvimba. Mafundi hutumia kanuni ya kukadiria kwamba kila nyongeza ya 10°C huongeza kasi ya uchakavu huo karibu maradufu. Seli za lithiamu kwa kawaida hazipaswi kupita 60°C zikiwa zinatoa umeme. Betri iliyoanza safari ikiwa na 45°C kwa sababu ililala juani ina nafasi ndogo kuliko iliyotolewa kivulini ikiwa na 30°C, kwa kuwa kuruka kwenyewe huipasha.

Betri iliyovimba, hata kidogo tu, hairushwi tena. Uvimbe unaweza kuisukuma itoke kwenye kishikizo chake hewani, na hapo droni huanguka kama jiwe.

Chombo kikiwa ardhini

Tuchukue harusi ya saa nane mchana. Mpiga video amewasha droni saa saba na nusu, ameiweka kwenye sakafu ya saruji mbele ya ukumbi, na anamngoja bibi harusi ambaye, kama ilivyo desturi, amechelewa. Rafadha hazizunguki. Kompyuta ndogo inayoendesha kamera na vihisi inafanya kazi kwa nguvu zote, na kipepeo kidogo cha ndani, kama kipo, kinavuta hewa ya moto kutoka kwenye saruji. Baada ya dakika 15 droni inatoa onyo la joto au inajizima. Mbaya zaidi ni pale isipojizima: inapaa na kila kitu ndani yake kikiwa tayari kwenye kikomo, juu ya wageni mia mbili.

Kwa hiyo mambo yote ya kuandaa, kama kuweka kadi, kupanga picha na kusahihisha programu, hufanywa kivulini kabla ya kuwasha, au nyumbani siku iliyotangulia. Droni huwashwa wakati wa kupaa ukiwa umefika kweli. Mahali pa kupaa pawe pa rangi nyeupe na pasipo mchanga mtupu. Mkeka wa ukindu unatosha na hauna gharama. Boneti ya gari haifai: ni ya moto, na chuma chake huvuruga dira ya droni.

Gari lililofungwa juani ni adui mkubwa kuliko wote. Hewa ndani yake inaweza kupita 60°C, na dashibodi hupata joto zaidi ya hilo. Betri zilizojaa chaji hazipaswi kuachwa humo hata kwa muda wa chakula cha mchana. Rafadha za plastiki zilizolala zikiwa zimepinda hujikunja na kubaki hivyo, na rafadha iliyopinda hutetemesha mota. Ndani ya mota zenyewe kuna sumaku za neodimiamu ambazo, kwa daraja la kawaida, huanza kupoteza nguvu zikipita takriban 80°C.

Simu na skrini

Mara nyingi kifaa cha kwanza kushindwa si droni bali simu iliyofungwa kwenye rimoti. Kampuni ya Apple inaelekeza iPhone itumike hadi 35°C, yaani digrii tano chini ya kikomo cha droni inayoongozwa nayo. Simu ikizidiwa hufifisha mwanga wa skrini, na hilo hutokea wakati jua lilipo kali na mwanga ndio unaohitajika. Ikiendelea kupata joto hujizima, na rubani hubaki na rimoti bila picha.

Kifuniko cha simu kiondolewe, programu nyingine zifungwe, isichajiwe wakati wa kuruka, na rimoti ishikwe kwenye kivuli cha mwili au cha mwavuli. Rubani ajue pia mahali kilipo kitufe cha kurudisha droni nyumbani kwenye rimoti, kwa kuwa kinafanya kazi hata simu ikizima. Urefu wa kurudia uwe umepangwa mapema kupita minazi na minara iliyo karibu. Miwani ya jua yenye polaroidi huweza kuifanya skrini ionekane nyeusi ikitazamwa kwa pembe fulani, na wapo waliodhani simu imekufa kumbe ni miwani.

Upepo wa mchana na rubani mwenyewe

Ardhi iliyopashwa na jua hurusha hewa juu kwa mikupuo, na kwenye tambarare kavu huzaa chamchela. Droni ndogo yenye gramu 249 haina uwezo wa kushindana nayo. Ikionekana, nenda kando, usijaribu kuipiga picha kwa karibu. Asubuhi kabla ya saa tatu hewa huwa tulivu, halijoto iko chini na mwanga wa picha ni mzuri zaidi, kwa hiyo warushaji wa maeneo ya joto humaliza kazi zao mapema.

Mtu naye huchoka. Kukaza macho angani kwa nusu saa bila kofia wala maji hupunguza umakini, na jasho kwenye vidole huifanya skrini isipokee mguso sawasawa.

Kupoza, kuchaji na kuhifadhi

Betri iliyotoka kuruka haichajiwi ikiwa ya moto. Nyingi za DJI huchajiwa kati ya 5°C na 40°C, na zile zenye kidhibiti chake hukataa umeme hadi zipoe. Dakika 30 au zaidi kivulini penye upepo ndiyo njia ya kweli. Kuitia betri kwenye friji au juu ya barafu ili kuharakisha ni kosa, hasa pwani: hewa yenye unyevu huacha matone ya maji kwenye viunganishi na vihisi. Kasha la kuhifadhia vinywaji likiwa tupu, bila barafu, linafaa sana kubebea betri kwa kuwa huzuia joto la nje.

Kwa kukaa siku nyingi, betri iachwe na chaji ya asilimia 40 hadi 60, mahali pa baridi ndani ya nyumba. Iliyojaa kabisa na kukaa kwenye joto ndiyo inayochakaa haraka kupita zote.

Iliyovimba isitobolewe, isichajiwe, wala isipandishwe ndege ya abiria. Iwekwe nje, mbali na vitu vinavyowaka, hadi ifikishwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Ikianza kutoa moshi watu waondoke upande upepo unakoelekea, kwa maana moshi huo una sumu. Maji mengi yakimwagwa kutoka mbali huipoza. Mchanga huzuia moto usienee, lakini hauondoi joto lililo ndani, na betri iliyoonekana kuzimika inaweza kuwaka tena baadaye.