Tundu Lisilotaka Waya

Masika yakiisha, mashine za kumwagilia hutolewa stoo. Kando ya Mto Mkondoa, wilayani Kilosa, Juni ni mwanzo wa nyanya na mboga za kiangazi, na mkulima aliyeiacha pampu yake tangu Machi huvuta kamba mpaka bega linauma. Choki ikiwa imefungwa, injini inawaka. Akiifungua tu, inakohoa na kuzima. Jirani atasema plagi imekufa. Fundi ataomba bisibisi na spana namba kumi ashushe kabureta, na mara nyingi fundi ndiye atakayekuwa sahihi.

Petroli si kimiminika kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya haidrokaboni, nyingine nyepesi, nyingine nzito. Ikikaa ndani ya kikombe cha kabureta kwa miezi mitatu, zile nyepesi hupaa kwanza, na hizo ndizo zinazosaidia injini kuwaka asubuhi. Zinazobaki hushikana na oksijeni ya hewa na kugeuka polepole kuwa gundi ya rangi ya kahawia, yenye harufu kali inayofanana na ya rangi ya mafuta. Gundi hiyo hukaukia mahali pembamba kuliko pote: kwenye jeti ndogo, kipande chenye tundu la kupimia mafuta, kinacholisha injini ikiwa kwenye sailensi, yaani ikinguruma bila kuongezwa mafuta.

Wembamba wake ni wa kuutolea hesabu. Kwenye jeti nyingi ndogo za kabureta za Keihin, namba 38 iliyogongwa ubavuni maana yake ni tundu lenye kipenyo cha milimita 0.38. Gundi ikijipaka pande zote kwa unene wa milimita 0.04 tu, kipenyo kinabaki 0.30, na njia ya mafuta inakuwa imepungua kwa takriban asilimia 38. Jicho halioni tofauti. Injini inaiona mara moja, na ndiyo maana inadai choki: choki huzuia hewa, hivyo mafuta machache yanayopita hukutana na hewa kidogo pia.

Kazi nzima ya kabureta, iwe ya pampu au ya pikipiki, ni hiyo ya kulinganisha mafuta na hewa. Ili petroli iungue yote bila kubaki na bila oksijeni kuzidi, gramu moja inahitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Ukigeuza kuwa ujazo, lita moja ya petroli inameza kati ya lita 9,000 na 10,000 za hewa. Kwa hiyo dereva wa bodaboda anayejaza lita mbili pale Mikumi, njia panda ya Ifakara na Kilosa, ataipitisha puani mwa pikipiki yake hewa ya kujaza chumba kizima kabla tenki halijakauka. Vumbi lote lililomo kwenye hewa hiyo linategemea eakilina moja kulizuia. Anayeitoa eakilina ili pikipiki "ipumue" anaifupishia injini maisha, na anaharibu pia kipimo cha mchanganyiko, kwa sababu kabureta ilipimwa ikiwa na chujio lake.

Kipimo chenyewe kinafanywa na umbo. Katikati ya kabureta njia ya hewa inabanwa na kuwa koo. Hewa ikifika hapo huongeza mwendo, na inapoongeza mwendo, kanieneo yake hushuka. Daniel Bernoulli aliandika juu ya uhusiano huo mwaka 1738, na Mwitaliano Giovanni Battista Venturi akaeleza tabia ya bomba lililobanwa katikati mwaka 1797, wakati hakuna aliyewaza injini ya petroli. Mwaka 1893 ndipo Wilhelm Maybach, Ujerumani, alipounda kabureta inayorusha mafuta kwa tundu dogo katikati ya mkondo wa hewa. Tunazoea kusema injini inavuta mafuta. Kwa kweli mafuta yanasukumwa: hewa ya kawaida iliyoko juu ya petroli ndani ya kikombe ina nguvu kuliko ile iliyo kwenye koo, nayo huyapandisha kupitia jeti. Kwa hiyo kikombe lazima kiwe na tundu la kupumulia. Likizibwa na tope, mafuta yanagoma hata kama jeti zote zinang'aa. Kifuniko cha tenki nacho hivyo hivyo. Pikipiki inayozima baada ya mwendo fulani, ikapumzika kidogo, ikawaka tena kama haina tatizo, ifunguliwe kifuniko cha tenki kwanza. Kabureta nyingi zimeshushwa bure kwa kosa la kifuniko.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Ukipita kwenye vijiwe vya mafundi utaona jeti inazibuliwa kwa uzi wa chuma uliochomolewa kwenye waya wa breki. Unazibua, naam, na injini inawaka, na mteja anaondoka ameridhika. Lakini jeti ni ya shaba ya manjano, na chuma cha waya wa breki ni kigumu kuliko shaba hiyo. Kila kikiingia na kutoka kinakwangua. Tundu la 0.38 likipanuka kufika 0.42, njia ya mafuta inaongezeka kwa asilimia 22. Kwa mtu ambaye faida yake ya siku iko ndani ya lita moja au mbili, tundu hilo linakula pesa kila anapowasha, na hakuna namna ya kulirudisha. Jeti ile si bomba la kupitishia mafuta tu. Ni kipimo, na kipimo kilichokwanguliwa hakipimi tena.

Njia sahihi haihitaji mitambo. Fungua jeti zote, toa floti, toa oringi na vipira vyote, maana dawa ya kusafishia kabureta huvimbisha mpira. Loweka vyuma kwenye dawa, viache mpaka gundi ilainike, kisha puliza upepo wa kompresa ukianzia upande ambao mafuta hutokea. Inua jeti kuelekea mwangaza: tundu lionekane la mviringo kamili, bila ukungu pembeni. Kama kuna uchafu unaokataa kabisa, tumia uzi mmoja wa shaba nyekundu kutoka kwenye waya laini wa umeme, kwa sababu huo ni laini kuliko jeti. Ukishindwa, nunua jeti mpya ya namba ileile.

Kisha itazame sindano ya floti. Floti inafanya kazi kama boya la tangi la choo: mafuta yakipanda inainuka na kuisukuma sindano ifunge. Ipitishe ncha yake juu ya ukucha wa kidole gumba. Ukihisi mkwaruzo wa pete iliyojichora kwenye mpira, sindano hiyo imekwisha, hata kama inang'aa. Kuipima ni rahisi: rudisha floti, geuza kabureta juu chini, unganisha bomba la sindano la hospitali kwenye mlango wa petroli na usukume hewa. Mkandamizo ukibaki, inafunga. Ukivuja, petroli itafurika, na siku moja utakuta imeshuka mpaka kwenye oili.

Skrubu ya mchanganyiko ikazwe kwa vidole mpaka iguse tu, halafu ilegezwe kwa mizunguko iliyoandikwa na mtengenezaji. Wanaoikaza kwa nguvu huharibu ncha yake, na sailensi haitulii tena. Kwa pikipiki nyingi ndogo, sailensi nzuri ni karibu mizunguko 1,400 kwa dakika, injini ikiwa imepata moto. Jaribio la mwisho lifanyike barabarani. Endesha kwa mwendo wa kawaida, zima injini ukiwa bado kwenye mwendo huo, simama, fungua plagi. Kahawia hafifu ni salama. Masizi meusi makavu yanasema mafuta yamezidi. Weupe unasema hewa imezidi na injini inaungua. Plagi iliyofunguliwa baada ya pikipiki kunguruma kijiweni robo saa haisemi ukweli wowote.

Ipo sababu nyingine ya masizi ambayo fundi hana lawama nayo. Bodaboda anayetoka Kilosa mjini, karibu meta 500 juu ya usawa wa bahari, akapanda vijiji vya milima ya Ukaguru kwenye meta 1,500, anaingia kwenye hewa nyepesi zaidi kwa takriban asilimia 10. Kabureta haijui uzito wa hewa. Kwa hesabu, mafuta yanazidi kwa karibu asilimia 5, na nguvu inapungua. Anayeishi huko juu anaweza kushusha namba ya jeti kubwa. Anayepanda na kushuka siku hiyohiyo aiache kama ilivyo, kwani jeti ya mlimani itaichoma injini yake bondeni.

Na yapo mafuta yenyewe. Petroli ya chupa inayouzwa vijijini imekaa juani, imebadilishwa vyombo, na ina mchanga au maji chini. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutulia chini ya kikombe, palepale jeti inapochota. Mafuta ya taa yakichanganywa humo hayapai vizuri, na injini hugonga. Uchakachuaji huo ulienea kiasi kwamba mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida yake.

Kwa vijana wanaojifunza kazi hii nina neno kuhusu mikono na midomo yao. Petroli ina benzini, inayosababisha saratani ya damu, nayo hupenya kwenye ngozi. Vaeni glavu, fanyeni kazi kwenye hewa wazi, mbali na jiko na sigara. Na msinyonye petroli kwa mpira mdomoni. Tone likiingia kwenye mapafu linaweza kuua. Aliyemeza asitapishwe wala asinyweshwe maziwa ili atapike. Apelekwe hospitali mara moja.