Kocha Mgeni Uwanjani: Mambo ya Kuuliza Kabla Watoto Hawajaanza Mazoezi

Kila ifikapo katikati ya mwaka, vyuo vikuu vya Ulaya na Amerika Kaskazini huwa katika likizo ndefu, na baadhi ya wanafunzi wake husafiri kuja Afrika Mashariki kutafuta uzoefu wa kufundisha watoto michezo. Wapo wanaosomea ualimu wa elimu ya viungo au sayansi ya michezo na wanaohitaji mafunzo kwa vitendo ili wahitimu. Wapo pia wanaotaka tu kujitolea na kuiona dunia. Kipindi hicho hicho, katika Kibingo na maeneo mengine ya Kyerwa na Karagwe, familia huwa katika mavuno ya kahawa, na shule huwa katika pilikapilika za UMITASHUMTA na UMISSETA. Mgeni anayefika na mipira mipya hupokewa kwa furaha, na sababu inaeleweka: shule nyingi za vijijini zina uwanja na zina watoto wenye vipaji, ila hazina mwalimu aliyesomea michezo.

Makala hii haikusudii kuwafungia wageni hao mlango. Imeandikwa kwa ajili ya mzazi, mwalimu mkuu na kamati ya shule wanaoombwa kuwapokea, ili wajue wana haki ya kuuliza nini. Sehemu ya mwisho inamhusu kijana wa Kitanzania anayetaka kwenda nje kufanya kazi kama hiyo.

Mlaji wa huduma hii ni nani?

Huduma hii ina sura isiyo ya kawaida. Anayelipa ni mwanafunzi mgeni, naye humlipa wakala wa nchini kwake anayempangia safari, malazi, bima na mahali pa kufundisha. Shule inayompokea kwa kawaida hailipi chochote. Kwa hiyo wakala humhesabu mwanafunzi kuwa ndiye mteja, na hujitahidi aridhike. Mtoto, ambaye ndiye anayefundishwa, hamo katika mkataba huo. Hakumchagua kocha, hana risiti, na huduma ikiwa mbovu hana pa kurudishiwa chake.

Sheria za kumlinda mlaji, ikiwemo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, humtazama hasa mtu aliyenunua bidhaa au huduma. Mwanafunzi aliyedanganywa kuhusu safari yake anaweza kulalamika kwa misingi ya namna hiyo. Mtoto aliyefundishwa bure hutegemea kinga nyingine: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua kila mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, pamoja na busara ya watu wazima wanaomruhusu kocha kuingia uwanjani. Ndiyo maana tunashauri kwamba huduma ya bure ikaguliwe kwa makini yale yale ambayo mtu angeyatumia kama angekuwa anailipia. Mwalimu mkuu asione haya kumwuliza maswali mtu aliyekuja kusaidia.

Kwa nini maswali ni ya lazima

Majirani zetu wa Kenya wamepata mafunzo machungu. Mwaka 2015 mahakama ya Birmingham, Uingereza, ilimhukumu kifungo cha miaka 17 na miezi minne raia wa nchi hiyo kwa kuwadhulumu kingono watoto wa Gilgil. Mtu huyo alikuwa ameendesha shirika lililowapeleka vijana wa Uingereza kujitolea katika shule za eneo hilo. Mwaka uliofuata, mahakama ya Oklahoma, Marekani, ilimhukumu kijana mmoja kifungo cha miaka 40 kwa makosa aliyowatendea watoto wa kituo kimoja cha Nairobi alipokuwa akijitolea hapo mwaka 2014.

Kesi hizo hazikuhusu ukocha, na hatuzitaji ili kila mgeni atiliwe shaka. Walio wengi huja kwa nia njema. Tunazitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba mwenye nia mbaya hutafuta mahali ambapo shukrani zimewazuia wenyeji kuuliza. Michezo nayo ina mazingira yake: kocha humgusa mtoto anapomwelekeza namna ya kusimama au kudaka mpira, watoto hubadili nguo, timu husafiri, na mchezaji anayetaka kupangwa kikosini huogopa kumkasirisha kocha. Kwa kutambua hatari hizo, Shirikisho la Mpira wa Miguu Duniani, FIFA, lilizindua mwaka 2019 mwongozo wa ulinzi wa watoto kwa vyama wanachama wake.

Hati za kuomba kabla ya siku ya kwanza

Tunashauri shule iombe hati zifuatazo mapema, kabla mgeni hajasafiri, na ihifadhi nakala zake.

Kwanza, hati ya mwenendo kutoka nchini kwake. Mgeni asiseme kwamba haipo. Uingereza hutoa Cheti cha Kimataifa cha Ulinzi wa Mtoto kwa watu wanaokwenda kufanya kazi na watoto nje ya nchi hiyo. Ujerumani ina hati ya mwenendo ya aina ya pekee, yenye maelezo mapana zaidi, kwa wanaofanya kazi na watoto. Australia nayo ina utaratibu wake wa kuwachunguza watu hao.

Pili, kibali cha kuwapo nchini kinacholingana na shughuli yake. Viza ya matembezi haimruhusu mgeni kufanya kazi, na kujitolea shuleni si matembezi. Kibali cha ukaazi cha daraja C ndicho kinachowahusu wanafunzi, watafiti na watu wa kujitolea. Shule ithibitishe uhalali wa kibali katika ofisi ya Uhamiaji, maana kumtumia mgeni asiye na kibali kunaweza kuiletea matatizo hata shule yenyewe.

Tatu, barua ya chuo chake, ikieleza anasoma nini, yuko mwaka wa ngapi, nani anamsimamia na anapatikanaje. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajawa kocha, naye anajifunza. Hilo si kosa, mradi lisemwe wazi na awepo mtu wa kumwongoza.

Nne, maelezo ya bima. Mara nyingi wazazi huambiwa kwamba mgeni ana bima, nao wakatulia. Bima ya msafiri humtibu msafiri. Mtoto akivunjika mkono mazoezini, bima hiyo inaweza isilipe hata shilingi moja. Waulizwe kwa maandishi: mtoto akiumia, nani atampeleka zahanati au hospitali, na nani atalipa? Jibu lisipopatikana, mazoezi yasianze.

Tano, barua ya kujulisha Afisa Michezo na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Ikiwa mgeni analetwa na klabu au chama cha michezo cha hapa nchini, shule iulize kama chama hicho kimesajiliwa kwa Msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa.

Kanuni za uwanjani

Hati njema haziondoi haja ya usimamizi. Kanuni chache zinatosha, nazo zibandikwe mahali ambapo watoto wanaweza kuzisoma.

Kocha mgeni asiwe peke yake na watoto. Mwalimu au mzazi aliyeteuliwa awepo tangu mazoezi yanapoanza hadi yanapokwisha, na aliyepangwa zamu asiondoke kwa kuwa shambani kuna kazi. Mgeni asimwalike mtoto mahali anapolala, asimpeleke safari bila idhini ya maandishi ya mzazi, wala asimpe zawadi kwa siri. Zawadi zote zipitie shuleni.

Suala la lugha lisipuuzwe. Watoto wengi wa Kibingo huzungumza Kinyambo nyumbani na Kiswahili shuleni, ilhali mgeni huenda anajua Kiingereza tu. Mtoto asiyeielewa lugha ya kocha hawezi kumwambia kwamba goti linamuuma, wala kumkatalia jambo asilolipenda. Mkalimani awe mtu mzima anayeaminika, na asiwe mtoto mwenzao anayejua Kiingereza kidogo. Watoto waelezwe pia, kwa lugha wanayoielewa, ni mwalimu gani wanayeweza kumwendea ikiwa jambo lolote limewatia wasiwasi.

Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa zinazohusu watoto kuwa nyeti. Picha ya mtoto aliye pekupeku inaweza kutumiwa ughaibuni kuvutia wateja wapya wa wakala, na mzazi asijue kamwe. Mgeni apige picha pale tu ambapo mzazi ameridhia baada ya kuelezwa itatumika wapi, na jina la mtoto na la shule yake yasiandikwe chini yake.

Kitabaki nini mgeni akiondoka?

Mafunzo mengi ya namna hii huchukua wiki chache tu. Mtoto aliyeanza kumzoea kocha wake humwona akipanda gari, na mwaka unaofuata akaja mwingine anayeanza upya kufundisha namna ya kupiga pasi. Kwa hiyo swali la thamani ya huduma ni hili: baada ya wiki hizo, nani hapa kijijini anajua jambo ambalo awali hakulijua?

Kuna mifano mizuri ya kujifunza. Huko Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa mwaka 1987 kwa msukumo wa raia wa Kanada kilikua kwa sababu vijana wenyeji walishika ukocha, uamuzi na uongozi. Timu zake zilipata pointi za ligi kwa kushinda mechi na pia kwa kusafisha mitaa. Nchini Zambia, tangu mwaka 2006, wanafunzi wa vyuo vikuu kadhaa vya Uingereza, kikiwemo cha Durham, wamekuwa wakienda Lusaka kufundisha michezo bega kwa bega na makocha vijana wa mashirika ya huko.

Shule ya Kibingo inaweza kudai utaratibu kama huo. Kila mgeni apangiwe mwalimu au kijana wa kijiji wa kufanya naye kazi kila siku; mpango wa mazoezi uandikwe kwa Kiswahili na nakala ibaki shuleni; na katika wiki ya mwisho mwenyeji ndiye aongoze mazoezi, mgeni akitazama. Shule ikubaliane na wakala kuhusu jambo hili kabla ya kukubaliana kuhusu idadi ya mipira.

Kwa kijana anayetaka kwenda nje

Wapo vijana wetu wanaosomea michezo, iwe katika Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya au vyuo vikuu, wanaovutiwa na nafasi za kufundisha watoto ng'ambo. Nafasi halali zipo. Marekani, kwa mfano, ina viza ya J-1 kwa walezi na wakufunzi wa kambi za watoto za kiangazi. Mwombaji lazima awe na umri wa miaka 18 au zaidi, na kazi haizidi miezi minne. Fomu ya DS-2019 inayohitajika hutolewa tu na mashirika yaliyoidhinishwa na Serikali ya Marekani. Wakala anayedai kwamba fomu hiyo haihitajiki, au kwamba utaingia kwa viza ya utalii na "mambo yatanyooka huko huko", akuone mgongo.

Kabla ya kulipa, thibitisha kwa mamlaka ya Serikali inayosimamia huduma za ajira kama anayekutafutia kazi ana leseni. Omba mchanganuo wa kila gharama, masharti ya kurudishiwa fedha viza ikikataliwa, na jina la kambi au shule utakayofundisha, kisha uwasiliane nayo mwenyewe. Lipa kupitia akaunti ya kampuni, si namba ya simu ya mtu, na utunze risiti. Pasipoti yako usimwachie mtu akutunzie. Kwa upande wako, uwe tayari kutoa hati ya tabia njema ya Jeshi la Polisi. Mwajiri makini ataiomba, kama nasi tunavyowashauri wazazi wa Kibingo kumwomba mgeni yake.

Jambo likiharibika

Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali ya mtaa husika. Haisubiri uthibitisho kamili, wala haitofautishi mgeni na mwenyeji. Mzazi anaweza kumwendea Afisa Mtendaji, Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Ikiwa mtoto amedhulumiwa, apelekwe hospitali bila kuchelewa, na nguo alizovaa zisifuliwe. Mtuhumiwa asipewe nafasi ya kuondoka kwa sababu tu siku ya ndege yake imefika, na jambo lisimalizwe kwa mazungumzo ya faragha wala kwa fidia ya mipira na jezi.

Shule iliyouliza maswali haya mapema itakuwa na sababu chache za kufika huko. Na mgeni aliyekuja kwa nia njema atayajibu bila kukasirika, kwa kuwa nchini kwake asingeruhusiwa kufundisha mtoto yeyote bila kuyajibu.