Kuifikia Tarakilishi ya Nyumbani Ukiwa Ughaibuni

Makala haya yanadhamiria kueleza namna mtafiti aliye ng'ambo anavyoweza kuitumia tarakilishi aliyoiacha nyumbani. Suala hili lilinikabili nilipoalikwa Bayreuth, Ujerumani, ambako kongamano la Kiswahili lilianza mwaka 1987. Data yangu ya uzamili, yaani sauti za wazee wa Siakago wakisimulia ngano, ilikuwa katika tarakilishi ya mezani kwetu Runyenjes. Nilikuwa nimewaahidi wazee hao kwamba faili zao hazitahamishwa kutoka mashine hiyo.

Kwa bahati nzuri, si lazima faili zihame. Kinachosafiri ni mibofyo ya kibodi na mienendo ya kipanya; kinachorudi ni picha ya skrini pamoja na sauti. Kazi yenyewe hutendeka Runyenjes. (Msomaji mwenye jicho kali atauliza iwapo sauti niisikilizayo Ujerumani haijavuka bahari. Imevuka, nakiri, ila hakuna faili inayobaki huko.)

Ugumu wa kwanza ni anwani. Nyumba nyingi za Embu na Meru hupata intaneti kupitia mitandao ya simu, ambako aghalabu wateja wengi hutumia anwani moja ya nje. Hali hii yafanana na sanduku la posta la shule linalotumiwa na kijiji kizima: barua hufika shuleni, lakini aliyeituma hawezi kuifikisha mlangoni pako. Programu kama vile TeamViewer, AnyDesk na Chrome Remote Desktop hulitatua tatizo hili kwa kuifanya tarakilishi ya nyumbani yenyewe ianzishe mawasiliano na seva ya kati, nawe msafiri ukaipata kupitia seva iyo hiyo. Mwenzangu wa Nkubu alipendelea kuufungua mlango wa 3389 moja kwa moja mtandaoni. Simshauri mtu kufanya hivyo, kwa kuwa wadukuzi huupapasa mlango huo usiku na mchana. Nywila iwe ndefu, na uthibitisho wa hatua mbili usitegemee laini ya Kenya pekee, kwani ujumbe huenda usikufikie ng'ambo.

Kuhusu kasi, kabla ya 2009 tulitegemea setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na jibu la kila mbofyo lingechelewa kama nusu sekunde. Nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka huo, hali ilibadilika.

Hata hivyo, kilichonishinda usiku wa pili hakikuwa mtandao. Tarakilishi haikuitika. Nilipompigia Mama, alishangaa: "Mwanangu, nitaachaje kitu kiwake usiku kucha na hakuna anayekitumia? Tokeni zinaisha." Alikuwa ameizima swichi ya ukutani, kama afanyavyo kila jioni. Kwa hivyo, kabla ya kusafiri, ipangie mashine ijiwashe yenyewe stima irejeapo, uhakikishe programu inaanza bila mtu kuingiza nywila, kisha uzungumze na watu wa nyumbani na kuwaachia pesa za tokeni. Hili la mwisho sikulisoma katika mwongozo wowote.

Siku hizi kuna karatasi iliyobandikwa kando ya swichi hiyo. Mama ndiye aliyeiandika, kwa Kiembu, na hunipigia kila tokeni zinapokaribia kuisha.