Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Yapo mashindano ambayo timu moja ilishinda michezo miwili kati ya mitatu ikafungishwa virago, na nyingine haikushinda hata mmoja ikasonga mbele. Huu si utani wa kijiweni. Ni Kombe la Dunia la raga ya ligi la mwaka 2017, lililochezwa Australia, New Zealand na Papua New Guinea. Juma hili tuitazame hesabu iliyoleta mambo hayo, maana anayepanga makundi huwa amekwishagawa sehemu ya ushindi kabla kipyenga hakijapulizwa.

Kwanza raga yenyewe. Huku kwetu tumezoea raga ya wachezaji 15, au ile ya wachezaji saba iliyoipatia Kenya jina. Raga ya ligi ni ya wachezaji 13. Ilizaliwa tarehe 29 Agosti, 1895, mjini Huddersfield, kaskazini ya Uingereza. Vilabu vya huko vilijitenga na chama chao kwa sababu kilikataa wachezaji, ambao wengi walikuwa vibarua wa viwandani na migodini, wafidiwe ujira waliokosa kwa kwenda kucheza. Katika mchezo huo, timu yenye mpira ikikamatwa mara sita, mpira huenda kwa wapinzani. Trai ni pointi 4, na teke la kuongezea trai ni pointi 2.

Sasa tuje kwenye makundi. Timu zilikuwa 14. Kundi A lilikuwa na Australia, England, Lebanon na Ufaransa. Kundi B lilikuwa na New Zealand, Tonga, Samoa na Scotland. Kundi C lilikuwa la timu tatu: Papua New Guinea, Ireland na Wales. Kundi D nalo lilikuwa la tatu: Fiji, Italia na Marekani. Ili kila timu ipate michezo mitatu, timu za C na D zilicheza mchezo mmoja mmoja na timu ya kundi la jirani.

Fundo liko kwenye nafasi za robo fainali. Makundi A na B yalipewa nafasi tatu kila moja. Makundi C na D yalipewa nafasi moja moja. Piga hesabu mwenyewe: timu nane zinagombea nafasi sita, na timu sita zinagombea nafasi mbili. Aliyekuwa A au B alitakiwa tu asiwe wa mwisho. Aliyekuwa C au D alitakiwa awe wa kwanza, basi.

Ireland iliifunga Italia 36-12 na Wales 34-6. Ilipoteza mchezo mmoja tu, mbele ya Papua New Guinea mjini Port Moresby, kwa 14-6. Ikaenda nyumbani. Samoa ilifungwa na New Zealand 38-8, ikafungwa na Tonga 32-18, kisha ikatoka sare ya 14-14 na Scotland. Pointi moja ya sare ikatosha, kwa kuwa Scotland, nayo ikiwa na pointi moja, ilikuwa imefungwa kwa tofauti kubwa zaidi. Samoa ikaingia robo fainali, ikakutana na Australia na kuchapwa 46-0.

Wapo wanaoutetea mpango ule. Husema timu ngumu zilirundikwa pamoja, hivyo wa tatu katika kundi B huenda ni bora kuliko wa pili katika kundi C. Hoja hiyo ina uzito. Kundi B ndiko Tonga ilikoishangaza dunia kwa kuifunga New Zealand 28-22 mjini Hamilton, baada ya kuwa nyuma 16-2 wakati wa mapumziko. Lakini ubora wa timu hupimwa uwanjani, haupimwi mezani. Ukisema Ireland ni dhaifu kabla haijacheza, halafu ukaipa mlango mwembamba kwa sababu hiyo, umeihukumu bila kuisikiliza. Wahenga walikwisha kusema: mwamba ngoma huvutia kwake.

Wapenzi wa soka wanaweza kuuliza: mbona Ureno ilitoka sare michezo yote mitatu ya kundi katika kombe la Ulaya la mwaka 2016, na ikalichukua kombe? Ni kweli. Ila kule makundi yote yalikuwa na timu nne, na wa tatu wa kila kundi alipimwa kwa kipimo kimoja na wenzake. Hiyo ndiyo tofauti.

Mashindano yaliyofuata, yaliyochezwa England mwaka 2022, yalikuwa na timu 16 katika makundi manne ya timu nne nne, na wawili wa juu wakapita kila mahali. Usawa huo ulikuwa na gharama yake: England iliipiga Ugiriki 94-4, na mchezo wa namna hiyo haumfurahishi mtazamaji. Lakini tazama upande wa pili. Samoa ilianza kwa kufungwa na England 60-6. Ikajikusanya, ikaipiga Ugiriki 72-4 na Ufaransa 62-4, ikapita bila kubebwa na mtu. Katika nusu fainali, kwenye uwanja wa Arsenal jijini London, ikakutana tena na England ile ile na kuishinda 27-26 katika muda wa nyongeza. Fainali ilikwenda kwa Australia, 30-10.

Ni Samoa ile ile iliyopita mwaka 2017 bila ushindi. Safari hii hakuna aliyeuliza imefikaje. Kwa hiyo, msikilizaji, ratiba ya mashindano yoyote ikitangazwa, usikimbilie kutazama nani anacheza na nani. Tazama kwanza nafasi zimegawanywa vipi.