Jiko Letu Linakwenda Kambini

Akina mama wenzetu, yeyote aliyewahi kuandaa kambi ya watoto wa kanisa anajua kwamba safari huanza na masufuria. Ratiba ya mafundisho na nyimbo huandikwa na mtu mmoja kwa jioni moja. Lakini sufuria la lita 40, miiko, seredani, magunia ya makaa, ndoo, mbuzi za kukunia nazi na sahani za watu 70 vinataka mikono, migongo, na gari la kukodi ambalo mara nyingi huchelewa. Sisi akina mama wa kanisa moja dogo hapa Kiembe Samaki tumeifanya kazi hiyo miaka mingi, tukipakia hapa na kupakua Jambiani, mwendo wa kiasi cha kilomita 50. Mwaka huu tumeazimia kutengeneza tela letu wenyewe, lenye jiko nyuma, la kuvutwa na pikapu ya muumini mmoja. Tunawaeleza tulivyolipanga, kwa kuwa huenda na ninyi mna mzigo kama huu.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1866 huko Texas, Marekani, mfugaji Charles Goodnight alichukua gari la jeshi la kukokotwa na wanyama, akalifungia nyuma kabati la droo. Mlango wa kabati ukishushwa ulikuwa meza ya mpishi. Katika miaka ya 1930 Wamarekani wakaanza kujitengenezea matela madogo ya kuvutwa na motokaa, yenye umbo la tone la maji: mbele mviringo, nyuma yameteremka. Ndani hulala watu wawili. Nyuma huinuliwa mfuniko mkubwa, na chini yake ndipo penye jiko. Tulipoonyeshwa picha ya tela la namna hiyo tulicheka, maana tuliona seredani zetu zimepata nyumba.

Wapo waliosema ni anasa. Mzee mmoja alituuliza kwa nini fedha ya maandazi iende kwenye magurudumu badala ya kwenda kwenye viti vya kanisa. Tulimwomba asome Hesabu sura ya 7. Viongozi wa Israeli walileta magari sita yaliyofunikwa na ng'ombe kumi na wawili kwa ajili ya kazi ya hema. Wana wa Gershoni walipewa magari mawili. Wana wa Merari, ambao mbao, nguzo na vitako vilikuwa mzigo wao, wakapewa manne. Kila mmoja alipewa kwa kadiri ya utumishi wake. Mzee alisoma, akanyamaza kidogo, kisha akauliza tela litakuwa na magurudumu mangapi.

Mtoto atasimama wapi?

Jambo lililotuweka na fundi kwa majuma matatu halikuwa bei. Lilikuwa watoto. Katika kambi moja ya miaka iliyopita mtoto wa miaka sita alikuja kuomba uji akitokea nyuma ya mpishi. Mpishi aligeuka na upawa, na uji wa moto ukamwagikia mkono wa mtoto. Wengine walikimbilia dawa ya meno. Tulimvua bangili kabla mkono haujavimba, tukauweka chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, tukaufunika kwa kitambaa safi, tukampeleka kituo cha afya. Alipona vizuri. Tunaomba kila mama alishike hili: kidonda cha moto hakipakwi dawa ya meno, wala asali ya jikoni, wala mafuta, wala yai. Maji kwanza, tena kwa muda mrefu kuliko subira yako.

Kwa hiyo fundi alipoleta mchoro wake wa kwanza, wenye majiko mawili ya gesi juu ya meza ya nyuma, tulimwuliza, "Fundi, mtoto anayekuja kuchukua chakula atasimama wapi?" Akasema, "Hapo hapo nyuma, mama, apakuliwe." Tukamrudishia karatasi.

Kulikuwa na kasoro nyingine ambayo mwanamume asiyepika hawezi kuiona. Meza yake ilikuwa na kimo cha sentimita 90. Sufuria letu kubwa lina kimo cha sentimita 40. Ukiliweka juu ya jiko lililo juu ya meza hiyo, ukingo wake unafika mabegani, na anayesonga ugali wa watu 70 atakuwa ameinua viwiko kama anayetundika nguo. Chakula kizito hupikwa chini ya kiuno.

Mchoro tuliokubaliana ni huu. Majiko makubwa mawili ya gesi, ya miguu mifupi ya chuma, yatasafiri ndani ya tela lakini yatashushwa na kuwashwa chini, nyuma ya tela. Meza ya nyuma itakuwa ya kukatia na kupangia tu. Ubavuni, upande wa pili, kutakuwa na dirisha la kupakulia. Watoto watapanga mstari dirishani, na tela lenyewe litakuwa ukuta kati yao na moto. Kamba itafungwa kutoka kona za nyuma hadi vigingi viwili, na hakuna mtoto atakayeivuka.

Mizigo na mizani

Tela likipakiwa vibaya huyumba barabarani hadi kulivuta gari pembeni. Kanuni ni kwamba sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wote zikae juu ya kishikio cha gari, yaani mzigo mzito uwe mbele ya ekseli kidogo. Tulikaa na daftari. Tela tupu, kwa makadirio ya fundi, kilo 200. Mchele kilo 50: watu 70, gramu 120 kwa kila mlaji, milo sita. Unga kilo 25, maharage na sukari 15, vyombo 45, mitungi miwili ya gesi kiasi cha 60, maji ndoo mbili 40. Jumla kilo 435. Basi mkono wa tela unapaswa kulemea kwa kilo 43 hadi 65, na tutaupima kwa mizani ya kawaida ya kupimia watu.

Mitungi itasimama wima mbele, katika kisanduku chake chenye matundu chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama sakafuni kama maji, ikingojea kiberiti. Chumba cha mbele tumekiachia godoro moja, kwa mama anyonyeshaye au mtoto mwenye homa, tukiwa tumekwisha kufika. Tela likitembea halipandwi na mtu. Na seredani haitaingia humo hata mvua inyeshe vipi. Moshi wa makaa una sumu isiyo na harufu, nayo huua waliolala.

Mbao ni plaiwudi ya kustahimili maji, na skrubu ni za chuma kisichoshika kutu, maana chumvi ya pwani haina huruma. Mtu mmoja alishauri tuzibe maungio kama ngalawa, kwa pamba na sifa. Kwa ngalawa ni ushauri mwema, lakini hatutaki mchele unaonuka mafuta ya papa. Kila kabati litakuwa na komeo, kwa sababu ya matuta ya Jozani yaliyowekwa kuwaokoa kima punju. Kima wanapona, sahani za udongo hazitapona. Tukifika Jambiani, kichwa cha tela kitaelekea upepo unakotoka, ili jiko liwe kwenye kinga, na mfuniko utafungwa kwa kamba usije ukageuka tanga.

Nafasi moja tuliikatalia kabisa: kabati la viporo. Wali uliokaa katika joto letu kwa saa nyingi huota vijidudu vinavyoacha sumu ambayo hata ukiupasha tena haiondoki. Tutapika kinachotosha, tutapakua kikiwa moto, na kinachobaki baada ya saa mbili hakiliwi. Badala ya kabati hilo tumeweka ndoo mbili za koki, moja ya kunawa na sabuni, nyingine ya maji ya kunywa yaliyochemka na kutokota dakika moja.

Fundi wa kuchomelea amepata ekseli ya gari dogo lililochakaa, na tumewatuma wawili wakaulize polisi wa usalama barabarani kuhusu taa za nyuma na ukaguzi. Likikamilika tutalipakia lote, tulivute hadi Mbweni polepole, tupikie kwaya mlo mmoja, na turudi. Tutaanza na sufuria la lita 40, kwa kuwa ndilo lililokataa kuenea katika kila kabati tuliyochora.