Steringi Mzito wa Kuelewa

Kaeni vizuri, wajukuu. Mwenye karanga awapitishie wenzake, maana hadithi ya leo sitairudia.

Zamani hapa Kariakoo, kabla kila mtu hajawa na simu ya kutazamia filamu, tulibanana kwenye kibanda umiza: benchi la mbao, joto, televisheni moja. Filamu ilikuwa ya Kichina, lakini Lufufu aliitafsiri kwa Kiswahili na kutia chumvi yake, hata pale mchezaji alipokaa kimya. Swali letu la kwanza lilikuwa moja: steringi ni yupi? Maana steringi hafi.

Leo mimi ndiye Lufufu wenu. Filamu yetu ya leo ni kitabu: kiliandikwa na Jin Yong wa Hong Kong, kikatoka gazetini kipande kwa kipande tangu 1957 hadi 1959. Wasomaji wake walikingojea kama mnavyongojea tamthilia. Sehemu ya kwanza ilitoka kwa Kiingereza mwaka 2018, mwaka ambao mzee mwenyewe alifariki akiwa na miaka 94. Hapo ndipo nilipoanzia kusoma. Kiswahili ni changu.

Steringi anaitwa Guo Jing. Baba yake aliuawa kabla hajazaliwa, mama akamlea katika nyika za Mongolia. Alifika miaka minne ndipo akasema. Walimu saba walimtafuta kwa miaka sita, na walipompata nusura walie: wamfundishe mapigo kumi, hashiki hata moja.

“Babu, sasa huyo atapiganaje?”

Subiri. Jibu liko jikoni.

Siku moja mjini, Guo Jing anamwona kijana mchafu, nguo zimeraruka, wahudumu wa mgahawa wanamfukuza. Anamkaribisha mezani. Kijana anaagiza vyakula vya bei mbaya, mwenyeji halalamiki. Nje kuna baridi: anamvulia koti, anampa dhahabu, mwishowe anampa na farasi. Wauzaji wa Mtaa wa Congo wangesema huyu kaliwa! Kumbe kijana yule ni msichana, Huang Rong, mwerevu kupindukia na mpishi hodari.

Baadaye, wakiwa safarini, Huang Rong anachoma kuku aliyefunikwa kwa udongo. Harufu inamleta mzee ombaomba, Hong Qigong, bingwa mwenye vidole tisa. Kimoja alikikata mwenyewe, kwa kuwa ulafi ulimharibia jambo kubwa. Kidole kilikwenda, ulafi ukabaki. Basi Huang Rong anampikia sahani mpya kila siku, na kila sahani ni ada ya rafiki yake. Mzee analipa kwa Viganja 18 vya Kumtiisha Joka, kimoja kimoja.

Cha kwanza Guo Jing anakifanyia mazoezi kwenye msonobari. Anaupiga, anakosea, anaupiga tena. Mwepesi wa kuelewa angechoka mapema akadai kingine. Huyu hajui njia nyingine ila kurudia, na hapo ndipo wepesi wote wanapoachwa nyuma.

Najua mnapenda mapigano, hata mimi nayapenda. Lakini kila ngumi ikipigwa humu, tazameni kwanza nani alishika sufuria.

Tunaendelea kesho baada ya magharibi. Mtakaojaribu kiganja cha kwanza kwenye mwembe wa jirani, msiseme mmetumwa na mimi. Na kila mmoja aje na kipande cha muhogo. Mwalimu wenu naye ana vidole vya kuhesabu.