Mjengo Mchana, Chuma Jioni

Ingia jim yoyote ya mtaa, iwe Kayole ama Kawangware, fom ni ile ile. Mabati juu, mabati pembeni, paipu imechomekwa kwa mikebe ya rangi yenye imejazwa simiti, ngoma inapasua spika. Na lazima kuna msee mmoja wa kifua, yule hulipa ada akitaka, atakushow: "Buda, hakuna kitu inaitwa kupiga tizi mob. Kuna kulala kidogo na kudishi kidogo."

Enyewe huyo msee hajabonga upuzi tupu. Kupitiliza tizi ni ugonjwa ya ukweli, madaktari wa michezo wanaijua, lakini si kitu inanyita mtu juu alipiga pushap mob Jumatatu. Kuumwa mapaja mpaka unashuka ngazi kinyumenyume ni kawaida, na siku ya pili hukuwanga noma kushinda ya kwanza. Wiki moja ya kuchapa, upumzike, alafu urudi ukiwa moto kuliko vile ulikuwa, hiyo pia si ngori. Hapo ndio nguvu hutoka. Ngori ni ile unapumzika na bado hurudi. Mbio zinashuka, unaongeza tizi ndio uzipandishe, zinashuka tena. Kujitoa huko inaweza kula miezi. Na hakuna kipimo moja ya damu ya kukuambia "ni hii": daktari huanza kwa kutoa zingine njiani, damu kuisha, malaria, stresi.

Sasa mpaka iko wapi? Hata mabingwa hawaendi njia moja. Eliud Kipchoge, huko Kaptagat chini ya kochi Patrick Sang, amesema mwenyewe si kila siku anaenda na nguvu zote. Siku za moto zimekuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Hizo zingine ni mos mos, na mos mos ya wasee wa huko juu inaanza polepole mpaka mgeni anadhani wanamngoja. Huyo ndiye alimaliza kilomita 42 na ushee kwa 1:59:40 pale Vienna 2019. Kelvin Kiptum alikuwa kitu ingine. Kochi wake, Gervais Hakizimana, alisema hadharani kijana anachapa kilomita 250 mpaka 280 kwa wiki, saa zingine anapita 300, na siku ya kupumzika haiko kwa ratiba. Kochi alikuwa anamwambia apunguze, aliogopa atavunjika. Kijana akakataa, akaenda Chicago Oktoba 2023, akaangusha 2:00:35, rekodi ya dunia ya marathon wakati huo. Miezi nne baadaye tukampoteza kwa ajali ya gari, kwa hivyo hakuna mtu atawahi jua kama kochi alikuwa anaogopa bure.

Lakini cheki kitu wengi huruka kwa hiyo stori. Kochi huyo huyo alisema maisha ya Kiptum ilikuwa kukimbia, kudishi, kulala. Basi. Sasa chukua kijana wa mtaa. Saa kumi na moja ameshika mat, saa moja yuko mjengo anapandisha mifuko ya simiti, kilo 50 kila moja, mpaka floo ya nne juu lifti bado ni shimo tu. Asubuhi alikunywa chai na ndazi. Lanchi ni madondo na chapo moja, mbili siku ya malipo. Jioni anapitia jim, anatoka saa tatu, analala saa sita juu jirani ana muziki na simu ina stori. Alafu anauliza mbona mikono haikui. Buda, mwili haijui tofauti ya simiti ya mfuko na simiti ya mkebe. Yote inahesabiwa pamoja. Tizi ya huyu si mob. Siku yake ndio mob.

Ndio maana kucopy ratiba ya mtu wa TikTok ni kujitafutia. Hujui mchana yake ikoje.

Mpaka yako utaijulia kwa vitu za bure. Kabla ushuke kitanda, weka vidole mbili kwa mshipa wa shingo, hesabu dakika moja. Fanya hivyo wiki ukiwa fiti ndio ujue ya kawaida. Ikipanda ka kumi juu ya hiyo asubuhi kadhaa mfululizo, na huna homa wala hangova, leo acha chuma. Ingine: umechoka mbaya lakini usingizi haiji, unajam na kila mtu, mafua haiishi, hamu ya mambo ya usiku imepotea. Na mresh, periodi ikikosa miezi tatu na huna mimba, hiyo si ishara ati sasa umekuwa mwanariadha. Mara mob ni dishi haitoshi kwa tizi unapiga, na mifupa ndio hulipa. Enda uonekane.

Alafu kuna ngori ya haraka. Kila msimu wa kuandikisha makarao na wanajeshi, wasee wenye hawajakimbia mwaka mzima wanaanza kujiua wiki moja kabla. Januari pia, jim zikijaa. Hapo si kuchoka pole pole. Misuli inaweza kuvunjika vibaya, uchafu wake uingie kwa damu, figo zishindwe kuuchuja. Ukiona misuli imefura inauma kupitiliza na mkojo imegeuka rangi ya strungi, usingoje kesho, na usinunue dawa ya maumivu kwa chemist. Enda hosi siku hiyo hiyo, na ukifika ambia daktari ulipiga squat ngapi. Usimwambie ni malaria.